Ikiungua leo usiku: nilivyochagua mfumo endeshi wa seva ya nyumbani

Seva yangu ya kwanza, yaani kompyuta inayowaka muda wote kuhudumia vifaa vingine vya nyumbani, ilikuwa laptopu iliyopasuka kioo. Haikufaa tena kubebwa, lakini ndani ilikuwa nzima, RAM yake ilikuwa GB 8, na betri bado ilishika chaji kwa karibu saa nzima. Betri hiyo niliidharau mwanzoni, kumbe ndiyo ilikuwa kinga: umeme ukikatika, mashine haizimiki ghafla na diski haiachwi katikati ya kuandika. Niliiweka juu ya kabati karibu na ruta, nikaichomeka kebo ya mtandao, nikafunga kifuniko. Ikalala. Nikafunua, ikaamka. Nikafunika, ikalala tena. Mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha kompyuta) uliotengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekaa mbele ya kioo una desturi zake, na mashine isiyotazamwa na mtu haziihusu kabisa.

Nilichotaka hakikuwa kikubwa. Picha za familia za miaka mingi zilikuwa zimetawanyika kwenye simu tano na flashi nisizojua idadi yake. Nilitaka zikae pamoja, kila mtu wa nyumbani aweze kuzifungua, na ziwe na nakala rudufu. Kulikuwa pia na hati zilizoskaniwa, muziki, na baadaye kalenda ya pamoja. Laptopu ilikuja na mfumo wake, nami nikauacha huohuo kwa kuwa niliuzoea. Nikarekebisha ile tabia ya kulala, nikashirikisha folda, nikaweka programu ya kutazamia picha, na kwa miezi miwili nikajiona nimemaliza kazi.

Alfajiri moja mfumo ulijisasisha, ukajiwasha upya, ukasimama kwenye ukurasa wa nenosiri. Programu ya picha nilikuwa nimeipanga iwake mtu anapoingia kwenye akaunti. Hakuna aliyeingia, kwa hiyo haikuwaka. Mdogo wangu alinipigia simu nikiwa safarini.

"Kaka, picha za bibi hazifunguki. Umezifuta?"

Sikuwa nimezifuta. Nilichohitaji ni kurudi nyumbani na kuandika nenosiri tu. Kosa la mpangilio lilikuwa langu: programu ya seva huendeshwa kama huduma ya mfumo, inayowaka pamoja na mashine bila kumsubiri mtu yeyote. Lakini sauti yake ilinikaa moyoni. Mtu aliponikabidhi picha za marehemu, alinikabidhi kitu ambacho hakina kingine cha kukibadilisha. Tangu siku hiyo sikuichukulia tena seva ile kama mchezo wa mwisho wa wiki.

Nikaanza kutafuta mfumo wa seva hasa, na karibu kila njia iliniongoza kwenye Linux. Linux yenyewe ni kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ile ambayo Linus Torvalds aliitangaza mwaka 1991. Unachosakinisha ni kerneli hiyo pamoja na maelfu ya vifurushi vya programu vilivyokusanywa na kundi fulani la watu, yaani distro. Distro ziko mamia, na hapo ndipo nilipopoteza muda mwingi kuliko popote. Nilisoma ulinganisho, nikasakinisha, nikafuta, nikasakinisha nyingine. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Miezi mitatu ilipita bila picha hata moja kuhamishwa.

Hatimaye nikachagua kwa kigezo kibaya: upya. Nilitaka kerneli ya wiki hii na programu za wiki hii, nikachukua mmojawapo wa mifumo isiyo na matoleo yenye namba, ambayo masasisho yake hutiririka kila siku. Arch Linux ndiyo mfano unaojulikana zaidi wa aina hiyo, na watunzaji wake wanaeleza waziwazi kwamba mtumiaji asome habari zao kabla ya kusasisha, kwa sababu mara nyingine kuna hatua ya kufanya kwa mkono. Huo ni mkataba wa haki, na kwa kompyuta ya mezani unayoiwasha kila asubuhi ni mzuri sana. Seva juu ya kabati ni habari nyingine. Inafanya kazi, unaisahau. Niliisahau miezi minne. Nilipokumbuka kusasisha, vifurushi zaidi ya mia nane vilibadilika kwa mkupuo, mashine ikajiwasha upya na haikurudi. Taarifa ya ile hatua ya mkono ilikuwa imetolewa majuma saba kabla, imeandikwa vizuri, na mimi sikuwa nimeisoma.

Nikakimbilia mifumo iliyotengenezwa mahsusi kwa hifadhi, na nataka nikae hapa kidogo kwa sababu ndiko nilikojifunza mengi. Ipo TrueNAS, iliyoanza mwaka 2005 kwa jina la FreeNAS juu ya FreeBSD, mfumo endeshi usio Linux, na ambayo sasa nguvu zake zimehamia kwenye toleo linalojengwa juu ya Debian, mojawapo ya distro za Linux. Ipo OpenMediaVault, ambayo ni Debian iliyovishwa ukurasa wa usimamizi. Ipo Unraid, yenye leseni ya kulipia, inayowaka kutoka kwenye flashi na kukuruhusu uchanganye diski za ukubwa tofauti. Mtu anayetaka sehemu ya kuweka faili tu, na hana hamu ya kuandika amri, nitampeleka huko bila kusita.

Huko ndiko nilikokutana na ZFS, mfumo wa faili uliozaliwa Sun Microsystems na msimbo wake kufunguliwa mwaka 2005. Kabla yake nilidhani diski ama ni nzima ama imekufa. Sikujua kwamba diski inaweza kukurudishia data iliyobadilika kidogo bila kulalamika. Biti moja ikigeuka katikati ya picha, nusu ya chini ya picha hiyo inaweza kuwa rangi ya kijivu, na nakala yako ya usiku itanakili kijivu hicho kwa uaminifu wote. ZFS huandika kwa kila kipande cha data namba ya kukihakiki, iitwayo cheksamu, na huikokotoa upya kila kipande kinaposomwa. Namba zikikataa kulingana, na kama kuna nakala kwenye diski pacha, huchukua iliyo nzima, hukupa hiyo, kisha huirekebisha ile mbovu. Mara moja kwa mwezi unaiambia ipitie kila kitu, hata picha ambayo hakuna aliyeifungua kwa miaka sita. Mara ya kwanza nilipoona taarifa yake, ilikuwa imerekebisha KB 128 kwenye diski ya pili. Sijui ilikuwa picha gani, na sitajua, kwa sababu imepona.

Wengi wanaogopa ZFS kwa sababu ya kanuni inayozunguka kwamba lazima uwe na GB 1 ya RAM kwa kila TB 1 ya diski. Kwa nyumba isiyowasha uondoaji wa data inayojirudia, hofu hiyo haina msingi. ZFS hutumia RAM iliyo wazi kama kashe na huiachia programu nyingine zikiihitaji, na yangu imeishi vizuri na GB 8. Jambo la kufikiria kabla ni umbo la diski. Kwa miaka mingi, ukishajenga kundi la diski la aina ya RAIDZ, mpangilio wa ZFS unaogawa data kwenye diski kadhaa, hukuweza kuliongeza diski moja. Uwezo huo umekuja na OpenZFS 2.3 mwanzoni mwa mwaka 2025. Mimi nilichagua diski mbili pacha, TB 4 kila moja, na sijajuta. Nikitaka nafasi zaidi nitaongeza jozi nyingine.

Basi kwa nini sikubaki kwenye mfumo wa hifadhi? Kwa sababu niliuingilia. Nilitaka kubadilisha mstari mmoja wa mpangilio wa kushirikisha folda ambao ukurasa wa usimamizi haukuuonyesha. Nikaingia kwa amri, nikahariri faili, kazi ikaenda. Sasisho lililofuata likaufuta mstari wangu. Mifumo ya aina hii huhifadhi mipangilio yote kwenye hifadhidata yake na kuziandika upya faili kutokana nayo. Haina kosa katika hilo, na ndivyo inavyoweza kukupa nakala ya mipangilio yote katika faili moja. Lakini mimi nilikuwa mpangaji anayebomoa ukuta wa nyumba ya mwenyewe. Kila nilipotaka kitu cha ziada nilijikuta nikipigana na mfumo ulionibeba.

Nikapita pia kwenye Proxmox, ambayo ni Debian iliyotayarishwa kubeba mashine pepe (kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta moja) na makontena (programu zilizofungwa kila moja na mahitaji yake). Nilikaa nayo mwaka mzima na nilifundishwa mengi: unachukua snapshoti, yaani taswira ya hali ya mfumo ilivyo, kabla ya kubadilisha kitu, ukiharibu unarudi nyuma kwa sekunde chache. Kwa anayejifunza, sijui darasa bora. Kwa nyumba yangu, nilijikuta na mifumo minne ya kusasisha badala ya mmoja, na wa nyumbani wote walikuwa wanatumia huduma tatu tu.

Katika mwaka huo alinitembelea rafiki yangu anayesimamia seva kazini kwake. Nilimwonyesha kila kitu, mashine pepe, grafu za joto, ukurasa wenye rangi. Akatazama kwa upole, akauliza, "Ndugu yangu, hii mashine ikiungua leo usiku, kesho unaanzia wapi?"

Nikaanza kujibu. Kwanza ningesakinisha Proxmox, halafu ile mashine pepe ya kwanza, ambayo nadhani ilikuwa na mpangilio fulani wa mtandao, halafu diski ningeziunganisha kwa namna ambayo niliifanya usiku mmoja na sikuandika popote. Sikufika mwisho wa jibu. Yeye hakusema kitu.

Swali lake lilinibadilishia vigezo vyote. Hadi hapo nilikuwa nikipima mifumo kwa siku ya kuisakinisha: ni rahisi kiasi gani, unapendeza vipi, una nini kipya. Siku ya kusakinisha ni moja. Zinazobaki ni siku za kusahau, siku za kusasisha, na ile siku ya kuanza upya ukiwa umechoka, pengine usiku, huku watu wakiuliza picha ziko wapi. Nilichukua daftari nikaandika maswali matatu. Nikiusahau miezi sita, utanifanya nini? Sasisho kubwa likija, nitajulishwa vipi na litanitaka nini? Na je, naweza kuusimamisha tena kutoka mwanzo kwa kufuata ukurasa mmoja wa daftari hili?

Kwa maswali hayo nilifika kwenye Debian, mfumo ambao nilikuwa nimeuruka mara zote kwa kuuona wa kizee. Ulitangazwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993, na jina lake ni muungano wa Debra, aliyekuwa mchumba wake, na Ian. Hauna kampuni inayoumiliki. Unaendeshwa na watu wa kujitolea wenye katiba na kura. Jambo hilo lilikuwa halinishughulishi hadi nilipofuatilia yaliyotokea kwa CentOS, distro nyingine iliyotumika sana kwenye seva: mwezi Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS Linux 8, iliyotarajiwa kutunzwa hadi 2029, ingefikia mwisho wake Desemba 2021. AlmaLinux na Rocky Linux zilizaliwa kuziba pengo hilo. Mimi sikuwa mtumiaji wake, lakini nilielewa kwamba urefu wa ahadi na anayeitoa ahadi ni mambo mawili, yote ya kuulizia.

Toleo jipya la Debian hutoka takriban kila miaka miwili. La 11 lilitoka Agosti 2021, la 12 Juni 2023, la 13 Agosti 2025. Kila toleo hupata miaka mitatu ya matunzo kamili, kisha kundi jingine huendelea kulitunza hadi itimie mitano. Ndani ya toleo moja namba za programu karibu hazibadiliki. Zinazoingia ni marekebisho ya usalama na ya kasoro kubwa. Kile nilichokiita uzee ndicho nilichokuwa nakitafuta. Nikiisahau miezi sita, kifurushi kiitwacho unattended-upgrades kinaendelea kuingiza marekebisho ya usalama kila siku, na kwa kuwa hayabadilishi tabia ya programu, sijawahi kuamka nikakuta kitu kimevunjika kwa sababu yake.

Ubuntu nayo ingenijibu vizuri. Ina matoleo ya muda mrefu kila mwezi Aprili wa mwaka unaogawanyika kwa mbili, yenye miaka mitano ya matunzo ya kawaida, na jina lake, ambalo kwa msemaji wa lugha yetu ni utu kabisa, limevuta wengi. Anayeanza atapata maelekezo mengi zaidi yaliyoandikwa kwa ajili yake. Fedora ni nzuri, lakini toleo lake hutunzwa takriban miezi 13 tu, na kwangu hiyo ni kazi kila mwaka. NixOS ilinigusa kuliko zote kwa swali la tatu, maana mfumo mzima huelezwa katika faili moja ambayo ukiipeleka kwenye mashine nyingine unapata mfumo uleule. Niliijaribu wiki tatu. Lugha yake ni ngumu, na nikiwa mtu pekee wa nyumbani anayeijua, ningekuwa nimewaachia wenzangu fumbo. Bado naitazama kwa heshima.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Debian niliilalia. Kusakinisha mara ya kwanza, toleo la 11, haikuiona kadi ya WiFi kwa sababu programu-dhibiti (programu ndogo zinazoendesha kadi na vifaa) zisizo huria hazikuwemo kwenye faili rasmi ya usakinishaji. Seva haipaswi kutegemea WiFi, lakini siku hiyo kebo ilikuwa chumba kingine. Kuanzia toleo la 12, baada ya wanachama wake kupiga kura, programu-dhibiti hizo zinakuja ndani. Mwenye kompyuta ya zamani ya biti 32 ajue jingine: toleo la 13 halina tena kisakinishi wala kerneli ya mashine hizo.

ZFS nayo si sehemu ya kerneli ya Linux, kwa sababu ya leseni mbili zisizopatana. Kwenye Debian hupatikana kama kifurushi cha pembeni ambacho hujenga moduli, kipande cha kuongezwa kwenye kerneli, upya kila kerneli inapobadilika. Ujenzi ukishindwa, diski za data hazifunguki. Ndiyo sababu diski ya mfumo niliiacha kwenye ext4, mfumo wa faili wa kawaida, na ZFS nikaipa data peke yake. Moduli ikikwama, mashine itawaka, nitaweza kuingia kwa SSH, yaani kwa amri kutoka kompyuta nyingine, na nitatengeneza nikiwa na nafasi ya kusimama.

Wakati huohuo nilibadilisha mashine. Laptopu ilikuwa imenipeleka kwenye kompyuta ya mezani niliyopewa, yenye nafasi ya diski nyingi. Nilipoipima kwa kifaa cha kwenye soketi ilikuwa inakula wati 60 bila kufanya kitu. Wati 60 kwa mwaka mzima ni kama uniti 526. Mashine ndogo niliyonayo sasa hula wati 12 ikipumzika, uniti 105 hivi, diski zikiwa nje ya hesabu. Uchaguzi wa mfumo endeshi haukubadilisha namba hizi kwa kiasi cha kuandika.

Makosa hayakuisha kwa kuwa nimepata mfumo mzuri. Mawili ninayaeleza kwa kuwa nimeyaona kwa wengine pia.

La kwanza lilinitisha. Nilikuwa na diski ya nje ya nakala rudufu, ikiunganishwa kwenye folda /mnt/nakala. Kila usiku saa nane skripti, orodha ya amri zinazojiendesha, ilinakili picha huko. Siku moja kebo ya USB ililegea, na mashine ilipojiwasha upya diski haikuonekana. Folda /mnt/nakala ilikuwepo bado, tupu, kwenye diski ya mfumo. Skripti haikuona tofauti. Ikaandika humo hadi diski ya mfumo ikajaa asilimia 100 na huduma zote zikasimama, kwa sababu hakuna iliyoweza kuandika hata logi. Kwa siku kumi na moja nilidhani nina nakala, na sikuwa nayo. Sasa skripti inaanza kwa kuuliza kama folda hiyo ni sehemu iliyounganishwa kweli. Kama si hivyo, inaacha na kunitumia ujumbe. Kwenye faili ya fstab, inayoorodhesha diski za kuunganishwa, diski inatambuliwa kwa UUID, yaani namba yake ya kudumu, si kwa jina kama sdb ambalo hubadilika, na imewekewa neno nofail ili kukosekana kwake kusiizuie mashine kuwaka.

La pili lilihusu makontena. Programu ya picha huendeshwa kwa Docker, programu ya kuendesha makontena, pamoja na hifadhidata ya PostgreSQL. Kwenye faili ya mpangilio nilikuwa nimeandika toleo la hifadhidata kwa neno latest, kwa maana ya lolote lililo jipya. Siku nilipovuta matoleo mapya ya makontena, PostgreSQL ikapanda toleo kuu, ikazikuta data zilizoandikwa na toleo lililotangulia, ikakataa kuwaka. Ilifanya sawa, kwani kati ya matoleo makuu data huhamishwa kwa utaratibu maalumu. Nilirudisha namba ya zamani na kila kitu kikawaka. Nimelikumbuka tukio hilo mara nyingi, maana nilikuwa nimechagua Debian ili kukimbia mabadiliko yasiyotarajiwa, kisha nikayakaribisha kwa mlango wa nyuma kwa neno moja. Sasa kila kontena lina namba ya toleo iliyoandikwa waziwazi, na ninaipandisha kwa mkono baada ya kusoma.

Kusoma huko kumenilipa. Kabla ya kutoka toleo la 12 kwenda la 13 nilikaa jioni nzima na maelezo rasmi ya toleo. Humo nikaona kwamba folda /tmp sasa hukaa kwenye RAM, na inaruhusiwa kuchukua hadi nusu yake. Skripti yangu ya kupunguza ukubwa wa video ilikuwa ikiweka faili zake za muda humohumo, nyingine za GB 6. Nikaielekeza /var/tmp kabla sijaanza. Sasisho lenyewe lilichukua dakika arobaini, na halikuwa na kisa cha kusimulia.

Kuhusu nakala nitasema machache, ingawa zina uzito kuliko mfumo endeshi wowote. Diski pacha hukuokoa diski moja ikifa. Ukifuta folda kwa makosa, zote mbili huifuta papo hapo. Kwa hiyo nina nakala kwenye ile diski ya nje, na nyingine iliyofumbwa kwa programu ya restic nyumbani kwa mdogo wangu. Kila baada ya miezi mitatu narudisha folda moja kutoka kwake na kuzifungua picha kwa macho yangu.

Juzi hapa, miezi miwili iliyopita, diski ya mfumo ilikufa. Ilikuwa SSD ndogo, ikatoweka kabisa, mashine ikalalamika kwamba hakuna cha kuwasha. Ilikuwa saa moja jioni. Nilitoa SSD nyingine kutoka kwenye laptopu ile ya kwanza, nikaifunga kwa bisibisi, nikafungua daftari kwenye ukurasa wake. Debian 13, bila mazingira ya madirisha, na SSH. Vifurushi kumi na vinne vilivyoandikwa kwa mpangilio. Kifurushi cha ZFS kikajijenga kwa dakika kadhaa. Nikaandika amri ya kuingiza diski za data, ikagoma kwa kusema kundi hilo lilitumika mara ya mwisho na mfumo mwingine, jambo ambalo ni kweli, na ambalo daftari lilikuwa limelitabiri kwa mstari mmoja: ongeza -f. Faili za mpangilio wa makontena zilikuwa kwenye diski za data, sikuzitafuta. Saa tatu kasoro dakika kumi ukurasa wa picha ulifunguka kwenye simu.

Nikampigia mdogo wangu nikamwomba ajaribu kupandisha picha kutoka kwake.

"Naziona zote, kaka, lakini mpya haiingii. Inasema haina ruhusa."

Faili za zamani zilikuwa za mtumiaji namba 1001. Kwenye mfumo mpya nilimuumba mtumiaji huyo kwanza, akapewa namba 1000. Majina yalikuwa yaleyale, ila diski huangalia namba. Nikabadilisha namba, akajaribu tena, picha ikaingia. Nikachukua kalamu, na chini ya mstari wa kumi na nne nikaandika: mtumiaji wa picha, namba 1001, aumbwe kabla ya kuingiza diski.